Ukuta Wangu na Macho ya Mbuzi

Jumatatu, 12 Julai 1976
Mimi njo nimeleta sanaa katika mtaa huu. Wazo langu, kichwa changu! Sawa, wazo ni la Casimir, yule anayechora mabaa. Lakini ukuta ni wangu, na mbuzi pia. (Serikali imekataza majina ya ubatizo. Humu daftarini haisomi.)
Shida ni Hippolyte wa buti nyekundu, shefu wa salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Barabara inapanuliwa, na eti ukuta wangu umeingia ndani yake. Tarehe 24 watauangusha. Umeingia kidogo tu! Nikamwambia Casimir achore juu yake mwenge wa Chama. Nani atathubutu kugonga mwenge kwa nyundo? Amekataa. Mwenge uko kila mahali, anasema. Yeye anataka mtaa jinsi mbuzi wangu anavyouona. Palipokuwa majani, sasa simenti. Palipoanikwa ndagala, sasa nguzo za baa. Haya. Mradi ukuta upone.

Jumamosi, 17 Julai
Salongo. Wote wanachimba mtaro. Mimi, mgongo! Nimemwambia Hippolyte siwezi hata kuinama kuokota kijiko. Akaniita Papa, akanipa pole. Kutwa niko mkekani nyuma ya ukuta, na chupa yangu ya pombe ya lutuku. Casimir anatambaa kwa tumbo nyuma ya mbuzi, makaa ya kuchorea mkononi. Muntu muzima! Nimecheka mpaka mgongo ukauma kweli.

Jumatano, 21 Julai
Casimir ameonyesha kazi. Mtaa mzima umekuja. Hakuna uso hata mmoja! Mbuzi ana haja gani na nyuso? Maganda ya muhogo, simenti mbichi, pindo za vitenge, na miguu ndani ya mtaro. Watu wanajitafuta. Mmoja akapiga kelele kwamba visigino vile ni vya Mama Pascasie, hakuna vingine kama vile mpaka Nyunzu. Vicheko. Halafu wakafika kwenye kona: mkeka, chupa, miguu miwili imepandana, kidole gumba kimepinda.
Wote wakanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa kandambili.
Mke wangu, Adrienne, akauliza mbele ya watu kama ule njo mgongo.

Alhamisi, 22 Julai
Hippolyte amesema ukuta hauangushwi. Ushindi! Utabaki kama ushahidi, anasema, na kila Jumamosi nitachimba mtaro mbele yake, watoto wakilinganisha vidole.
Nimewaza sana. Kosa langu ni moja: kuvua viatu.
Casimir, mbuzi wangu amekutumikia bure. Nakudai kitu kidogo tu. Kabla ya Jumamosi, ile miguu ya kwenye kona ivishe buti. Nyekundu, kama zile za Hippolyte.