Ombi la Kuhamishwa kwa Fundi Cherehani Anayetetemesha Santuri ya Kaka

Kwako Mheshimiwa Mwenye Nyumba,

Salamu zikufikie hapo ulipo, ukiwa umekaa au umesimama. Ni mimi mpangaji wako wa vyumba vya chini, ambaye mtaa mzima unamjua kwa jina la Mzee Besi. Mimi na familia hatujambo, ila santuri yetu ni mgonjwa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mheshimiwa, marehemu kaka yangu aliimba katika santuri moja tu maishani mwake, na nakala iliyobaki ninayo mimi. Binti yake, aliyemwacha angali ananyonya, hajawahi kuisikia sauti ya baba yake. Ameniandikia, "Baba mdogo, Jumamosi nakuja kumsikia baba." Nikamjibu aje bila wasiwasi, mambo ya sauti aniachie mimi. Sasa kila nikiipiga, unatoka mngurumo kama wa mtu anayekoroma ndani ya pipa. Sindano inaruka, kaka anaimba maneno matatu, anamezwa. Anayesababisha ni yule fundi cherehani uliyempangisha juu ya kichwa changu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Usidhani sijui kazi. Niliwahi kufunga spika kwenye ukumbi mmoja, zikapiga besi mpaka bawabu mwenye kipara akaota nywele. Hizi zangu mbili nimezikalisha juu ya mipira ya tenisi iliyokatwa nusu, chini yake mto uliojaa mchanga, chini yake ndala za mama watoto vipande vinne, ili mtetemo wa sakafu usipande. Mama watoto sasa anaenda dukani na viatu vyake vya kutokea. Mashine yenyewe ya santuri nimeipa mahali pa heshima kuliko pote nyumbani, juu ya friji, penye kitambaa cha kufuma. Mtaalamu yeyote akiona hapo atajua kosa si langu.

2. Nimemchunguza Fundi siku tisa, saa mkononi. Anatetemesha robo saa, anapumzika, anaanza tena. Siku za joto anazidi, nadhani watu wanataka nguo nyepesi. Watoto wangu wakirudi shuleni na kufungua friji mara kumi kutafuta maji baridi, ndipo anapochachamaa kabisa. Na ni mjanja: siku hizi hata mlio wa cherehani lake hausikiki, wala yeye mwenyewe haonekani ngazini. Maana yake anashona kimyakimya ili asigundulike.

3. Nilimwomba mama watoto apande akaongee naye, mwanamke kwa mwanamke. Akaniambia, "Baba watoto, mwache fundi wa watu, anza kuangalia humu ndani." Mimi si mbishi. Nikaangalia humu ndani, nikamkuta mama mkwe kwenye kiti chake cha kubembea. Nikamwomba kwa heshima zote asibembee mpaka Jumamosi. Amehamia kwa mdogo wake, na mtetemo haukupungua hata kidogo.

4. Kwa hiyo naomba Fundi ahamishwe kabla ya Jumamosi. Ikishindikana, cherehani lake lifungwe kamba lining'inizwe darini, naye ashone akining'inia nalo. Kama kamba hakuna, wapangaji wote wavue viatu ngazini, na lori la taka lizime injini pale kona lisukumwe kwa mikono. Na kama hayo yote ni mazito, basi nyumba nzima iinuliwe ikalishwe juu ya matairi ya lori, manne ya kona na moja la katikati, kama nilivyofanya kwa spika. Kuinua nitasaidia. Ujanani nilishika basi upande mmoja, dereva akabadilisha tairi, na abiria hawakushuka.

Nakuomba usilichukulie suala hili kama la ngoma tu. Yule mtoto atakaa kwenye kiti changu, anitazame usoni, na mimi sitaki kumpa mngurumo badala ya baba yake.

Wasalimie wote hapo kwako, mama mwenye nyumba, watoto, na yule mbwa wenu mzee ambaye akitembea hatetemeshi kitu.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu,
Mzee Besi, vyumba vya chini

Nyongeza baada ya sahihi: Kabla ya kufunga bahasha nilipanda kumsomea Fundi barua hii, nisije nikaonekana msengenyaji. Nikakuta kufuli. Jirani yake akaniambia Fundi yuko kwao anamuuguza mama yake, hii ni wiki ya tatu. Nikashuka, mngurumo unaendelea. Mama watoto akachomoa waya wa friji. Mheshimiwa, kaka aliimba wimbo mzima, na mwisho kabisa akacheka kidogo, kicheko ambacho mimi nilikuwa nimekisahau. Kwa hiyo popote nilipoandika Fundi, soma friji, isipokuwa pale niliposema ahamishwe, maana friji ni letu. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu mwandiko umetoka vizuri. Jumamosi friji litazimwa na kila kilichomo kitapikwa, kwa hiyo njoo na nyumba nzima mle. Ukimwona mama mkwe njiani, mwambie abembee tu.