Siku Nilipoomba Nisichaguliwe

Yohana na Tito, ndugu zangu, leo nimevuliwa nguo mbele ya kanisa zima. (Nguo nilikuwa nimevaa. Tena ile kanzu yangu ya ubatizo.) Nawaandikia jua halijazama, maana kesho wapagazi wanateremka Morogoro, na najua habari itawafikia huko Ngerengere kwenye kazi ya reli kabla ya barua hii. Afadhali muisikie kwangu. Tito, usimsomee mtu mwingine. Nakujua.

Jambo lenyewe ni uchaguzi.

Bwana Mchungaji alitangaza kwamba kanisa letu limekua, linahitaji mzee wa kanisa. Mtu wa kutembelea wagonjwa, kusuluhisha magomvi na kukaa kwenye benchi la mbele. Sisi tukadhani atamtaja mtu, tuitikie, yaishe. Si ndivyo mambo yanavyokwenda? Akida kawekwa na Wajerumani wa Boma. Jumbe kawekwa na akida. Hatujawahi kuulizwa. Basi Bwana Mchungaji akasema, "Hapana. Mtamchagua wenyewe." Watu wakatazamana. Mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Na tukikosea, Bwana, tutapigwa viboko vingapi?"

Bwana Mchungaji akaeleza kwamba hakuna viboko. Akasema hata mitume walipiga kura kumpata mwenzao, na kwamba Mungu husema kwa kura. Kila mwanamume aliyebatizwa ataleta punje moja ya mahindi kutoka kwake. Ataingia peke yake kwenye kile chumba kidogo cha nyuma yanapowekwa majembe, atakuta vyungu viwili, atatia punje yake kwenye chungu cha mtu anayemtaka. Hakuna atakayemwona. Kina mama hawatapiga. Alisema hata kwao Ulaya ni hivyo.

"Basi na Ulaya nako bado kuna kazi," akasema Bi Marta kutoka upande wa wanawake.

Majina yakatajwa mawili. La kwanza Mzee Danieli, yule mfua majembe. La pili langu! Bwana Mchungaji akamwuliza Danieli kama anaitaka kazi hiyo. Mnajua alijibu nini? "Naitaka. Nadhani naiweza."

Jamani! Kanisa likaguna. Miaka minne tunafundishwa kwamba anayejikweza ni mtu wa dunia, kwamba mkristo hatafuti ukubwa, kwamba vyeo ni mambo ya Boma, halafu mtu mzima anasimama mchana kweupe anasema anautaka! Nikajua pale pale kwamba Danieli amekwisha. Ikafika zamu yangu. Nikasimama taratibu, nikainamisha macho, nikasema, "Wapendwa, mimi ni mavumbi. Msinichague mimi."

Wakaitikia, "Amina!" Kwa nguvu. (Ile amina ningepaswa kuisikiliza vizuri.)

Sasa niwaambie kweli, maana nyinyi tulibatizwa maji mamoja. Niliitaka kazi ile kuliko Danieli mara kumi. Si kwa ajili ya benchi. Ni kwa ajili ya Rebeka. Mnajua nimemposa, na mnajua kwetu huku binti haozwi bila mjomba wake kuridhia, na mjomba wake ni Mzee Zakaria, ambaye hata jua likichomoza hulitazama kwanza kabla ya kukubali kwamba kumekucha. Nilipokwenda kuulizia jibu aliniambia, "Nitaangalia kwanza kanisa linakuonaje." Hayo tu. Basi nikajua nikichaguliwa mzee wa kanisa, Rebeka ni wangu. Nikishindwa, sijui.

Nikaingia kazini. Kwa wiki tatu nilipanda na kushuka milima hii, nyumba kwa nyumba, nikiwasihi watu wasinichague. Sikuacha hata nyumba moja. Kwa Mzee Zakaria nilikwenda mara mbili. Nilipiga magoti mlangoni kwa kila mtu nikaomba kwa sauti, "Ee Bwana, uwafumbue macho ndugu hawa, waone ya kuwa sifai!" Nikawaambia kwamba mtu anayejipigia kura mwenyewe anamwibia Mungu. Na Jumapili iliyopita nikasimama mbele ya wote nikaahidi kwamba punje yangu mimi itaingia kwenye chungu cha Danieli. Watu walifuta machozi. Nikahesabu kichwani: wanaume ishirini na watatu. Zangu kumi na tisa, kwa uchache.

Danieli hakuzunguka popote. Alikaa kwenye kiwanda chake anafua majembe, na kila aliyekuja kununua alimwuliza, "Wewe ungependa mzee wa kanisa afanye nini?" Kisha anasikiliza. Nilimwonea huruma.

Basi, leo. Nilifunga tangu jana, bila kula chochote, ili nionekane nimedhoofika kiroho. Nikachagua punje nyeupe nzuri, kama zile za watu wote hapa. Mnaelewa kwa nini. Yale mahindi yangu mekundu, Tito, mbegu uliyoniletea mwenyewe mwaka juzi, hakuna mwingine aliyenayo mlima mzima. Wameniomba wote. Nimewanyima wote. (Nilisema nangoja Bwana anionyeshe wa kumpa. Bwana hakunionyesha.) Punje nyekundu ningeitia, hata kwa Danieli, siri ingekuwa wapi? Nikachukua nyeupe.

Ukungu ulikuwa mzito, baridi inauma, nikavaa lile koti langu kuukuu juu ya kanzu. Kanisa limejaa. Hata majirani zetu Waislamu walikuja wakasimama madirishani, wengine na watoto mgongoni, kuangalia watu wanaoulizwa wanamtaka nani. Mfuko wa koti langu una tundu, nikaogopa kupoteza punje, nikaiweka mdomoni, chini ya ulimi. Ikawa salama.

Halafu Bwana Mchungaji akahubiri. Akahubiri. Akahubiri tena. Ndugu zangu, mtu mwenye njaa ya siku nzima, mdomoni ana punje ya mahindi, na mahubiri yamefika kwa Nuhu tu! Sikukusudia. Nilisikia tu "kwach!" kichwani mwangu. Mzee Zakaria, aliyekaa mbele yangu, akageuka akanitazama. Nikafumba macho kama ninayeomba. Nikameza.

Wakaanza kuitwa mmoja mmoja. Mimi nikaanza kujipapasa kama mtu aliyeingiwa na siafu. Sina punje! Nitaomba kwa nani? Nimwambie jirani yangu nimekula kura? Nikaingiza kidole kwenye lile tundu la mfuko, nikachokoachokoa ndani ya bitana, na huko chini kabisa kwenye pindo nikagusa kitu kidogo, kigumu. Punje! Ilibaki tangu siku za kupanda. Nikaifumbata kiganjani, nikasema moyoni, Bwana ametoa.

"Filipo!"

Nikaingia. Chumba kile hakina dirisha, mlango umefungwa, hata kucha zangu sikuziona. Chungu cha kushoto Danieli, cha kulia mimi. Nikapapasa. Naapa, mkono niliupeleka kushoto kwanza. Niliahidi mbele ya watu, na mimi si mtu mbaya. Ila pale pale nikamwona Rebeka akilini, na mjomba wake, na nikajiambia, kura moja tu, nani atajua? Mkono ukahama. Nikasikia "ti!" chunguni. Nikatoka nimeinamisha kichwa, uso wa huzuni kabisa.

Bwana Mchungaji akaleta vyungu mezani. Akamimina cha Danieli, akahesabu kwa sauti, anaandika kwenye daftari lake. Kumi, nikatulia. Kumi na tano, nikafikiri labda amehesabu nyingine mara mbili. Ishirini, nikaanza kuhesabu watu mabenchini. Ishirini na mbili.

Akakigeuza changu. Ikadondoka punje moja. Akakipiga chungu matakoni. Akachungulia. Akaingiza mkono, ndugu zangu, hadi kwenye kiwiko, anazungusha! Chungu ni cha duara. Hakina pembe ya punje kujificha!

"Filipo, moja," akasema.

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza, maana punje moja inaweza kuwa ya yeyote. Lakini nilimwona Mzee Zakaria anakuna kidevu, nikaona lazima niokoe jambo. Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya kutetemeka, "Wapendwa, nafurahi kushindwa. Ila namshukuru ndugu huyo mmoja aliyeniamini. Simjui ni nani. Mungu anamjua." Nikatoa na machozi. (Yalikuwa ya kweli, sababu tu ndiyo haikuwa hiyo.) Nikamtazama Mzee Zakaria kwa jicho la shukrani, ili watu wadhani ni yeye.

Zakaria akainuka.

"Bwana Mchungaji, mimi siye. Tuonyeshe hiyo punje, tumjue huyo ndugu, nasi tumshukuru."

"Hapana, Mzee. Kura ni siri."

"Hata rangi yake ni siri?" akauliza Bi Marta.

Bwana Mchungaji, mtu wa watu, hana hila hata chembe, akaiinua punje kwenye mwanga wa dirisha akaigeuza.

"Rangi?" akasema. "Ni nyekundu."

Kwanza watu wote wakageuza shingo pamoja, kunitazama. Kisha mtu akacheka kwa pua. Kisha kanisa lote likaangua kicheko! Wanaume wanapiga mabenchi, kina mama wanajifunika nguo usoni, na wale wa madirishani wanaulizana, "Kuna nini? Kuna nini?" na wakiambiwa wanakaa chini kabisa kwenye nyasi. Bwana Mchungaji peke yake alibaki ameishika ile punje, anauliza kama nyekundu haihesabiwi.

Nikapata hasira. Ndiyo, mimi, hasira! Nikapaza sauti, "Lakini kwa nini hata mmoja wenu hakunichagua? Nimewatembelea wote!"

"Ndiyo maana," akasema yule mzee wa viboko, tena kwa upole. "Uliomba Mungu atuonyeshe kwamba hufai. Ulipoondoka mimi na mke wangu tukaendelea kuomba hivyo hivyo. Mwanangu, maombi yako yamejibiwa."

"Amina," wakasema watu. Na hawakuwa wananikejeli! Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikajaribu la mwisho. Nikanyoosha kidole. "Na Danieli je? Tuko ishirini na watatu. Kura zake ishirini na mbili. Naye amejipigia!"

"Nimejipigia," akasema Danieli. "Si nilisema naitaka?"

Nikakaa chini.

Bwana Mchungaji akatangaza kwamba ndugu aliyedanganya mbele ya kanisa hatakaribia meza ya Bwana kwa wiki sita, na mzee mpya atamsimamia katika toba. Yaani kazi ya kwanza ya Danieli ni mimi. Akaja akanishika bega, akaniambia niende kiwandani kesho, nimvutie mivukuto ya kupulizia moto, tutazungumza. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikatoka nikitafuta njia ya kuteremkia migombani. Sikufika mbali. Mzee Zakaria alikuwa amesimama nje, na nyuma yake kanisa zima, maana nani angekwenda nyumbani?

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Filipo, siku ulipoleta posa kwangu ulikaa mkekani ukasema hustahili kumwoa mpwa wangu. Nikakusifu. Sasa nauliza. Ile nayo ilikuwa maneno ya namna hii, au ulisema kweli? Maana kama ulisema kweli, mimi sina ugomvi. Nakubaliana nawe."

Ndugu zangu, ulimi wangu umezoea vibaya. Niliusikia unajipanga kusema kwamba kweli mimi si kitu. Nikauuma. Nikamwona Rebeka kando ya ukuta wa kanisa, na katika watu wote wale ndiye pekee aliyekuwa hacheki. Ananitazama tu, anangoja.

"Namtaka!" nikapiga kelele. Kelele kabisa, mpaka mwangwi ukarudi kutoka ng'ambo ya bonde. "Namtaka, Mjomba! Usiku silali! Ukininyima nitaugua!"

Mzee Zakaria akakuna kidevu. Akasema, "Hili ni neno la kwanza kwako nililolielewa." Kisha akamgeukia Rebeka. "Na wewe?"

"Mimi nimeulizwa?" akasema Rebeka.

"Leo watu wanaulizwa. Nakuuliza."

Rebeka akafikiri. Mbele ya watu wote, bila haraka, mikono nyuma. Akasema, "Nipeni wiki tatu. Na katika wiki hizo asije kwetu kuniombea."

Akaondoka na mama yake, Bi Marta akiwafuata nyuma anashangilia sijui nini.

Basi ndivyo nilivyo sasa. Sina meza ya Bwana, sina benchi, na uchaguzi wa pili umeanza wenye mpiga kura mmoja tu, nami nimekatazwa kumfikia. Chekeni, najua mtacheka. Ila Tito, kabla hujacheka niandikie haraka: mtu anayemtaka msichana, akikatazwa kuomba, huwa anafanya nini?