Mbwa wa Pavlov na Maji ya Kishushe

Bwana Chifu na manaibu wako, wazee wa vijiji kwa vyeo vyenu, Padre na katekista wako, Bwana Maundu mwenye duka na mwenye kiti hiki nilichokalia kabla ya kusimama, kina mama wa kikundi cha kusuka vikapu, Mwalimu Wakesho wa chekechea pamoja na watoto wako arobaini na mmoja, na yeyote ambaye cheo chake hakimo kwenye karatasi hii lakini moyoni anajijua ni mheshimiwa: mimi, Gibson Mwandawiro, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Uhamasishaji wa Maji na Fikra, nawasalimu. (Makofi, safu ya mbele.)

Kosa wanalofanya watu wengi, hata waliosoma, ni kudhani kwamba Bwana Ivan Pavlov wa Urusi alikuwa mfugaji wa mbwa. Sivyo. Nisikilizeni taratibu, kwa maana jambo hili likieleweka, suala zima la maji ya hapa kwetu Kishushe litakuwa limeeleweka kwa asilimia themanini na saba. Pavlov alikuwa mtoto wa kasisi, akaanza kusomea ukasisi, akauacha akafuata sayansi, na kilichomshughulisha ni tumbo: alitaka kujua chakula husagwaje humo, na kwa kazi hiyo akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1904. (Mzee mmoja auliza kama baba yake hakukasirika. Kicheko.) Swali zuri, mzee wangu, ripoti niliyo nayo haisemi.

Sasa, katika kuchunguza tumbo, aliona ajabu. Mbwa walidondokwa na mate kabla nyama haijafika, mara tu waliposikia miguu ya mtumishi aliyewalisha. Mtu mwingine angepangusa mate akaendelea na kazi yake. Pavlov aliliacha tumbo akayafuata mate. Akatoa mlio, akaleta nyama, mlio, nyama, mara nyingi, mpaka mlio peke yake ukatosha.

Kamati yangu, kwa unyenyekevu ambao nimepongezwa mara nyingi kwa ajili yake, ndiyo ya kwanza kuileta elimu hii katika sekta ya maji. Nyinyi mlikuwa mmeshazoea lori la maji la zamani, lililopiga honi ndefu tatu likifika. Basi tangu Januari 1984, ukame ulipotushika, dereva wetu Musyimi amekuja hapa na Landrova mara kumi na tisa, kwa barabara iliyokwisha kula springi tatu, na kila mara akapiga honi hizo hizo. Siku ya kwanza, madebe mia mbili na kumi yalipanga foleni kwa dakika sita. Dakika sita, ndugu zangu. (Sauti ya mama, kutoka nyuma: "Na mbwa alipewa nyama?")

Nimekusikia, Mama Kalondu. Ndiyo, alipewa. (Minong'ono.) Lakini nyama ni suala la utekelezaji, na utekelezaji uko chini ya sabukamiti, yaani kamati ndogo nyingine, itakayoundwa wakati ufaao.

(Mama Kalondu asimama. "Mwenyekiti, wewe umesoma, hebu tueleze tu sisi. Mlio ukirudiwa, na nyama haiji, mbwa hufanya nini?")

Mimi ni mtu wa kueleza, swali la elimu silikimbii. Pavlov alithibitisha kwamba mlio ukirudiwa bila nyama, mate hupungua, hupungua, mpaka yakauke. (Kicheko kirefu. Bwana Chifu ajifuta macho.) Na takwimu zetu zinakubaliana naye kabisa: safari ya kumi, madebe tisini, ya kumi na nane, madebe manne, leo, debe moja, la Mama Kalondu, naye anasema amelileta alikalie. Naomba jambo hilo liandikwe kuwa mafanikio, kwa kuwa tatizo la foleni limekwisha.

(Mwalimu Wakesho ainua mkono. Aeleza kwamba mkaguzi wa shule amempa mpaka Ijumaa: pasipo maji ya kunywa na ya uji, chekechea inafungwa. "Mimi sitaki honi, baba. Nataka kujua kama bomba mlilotuahidi litafika Ijumaa au halitafika.")

Mwalimu, nakupongeza kwa kuuliza kwa ufupi. Semeni nami: Fikra kwanza! Maji yafuate! (Sauti moja, ya Bwana Maundu.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Bwana Donald, aliyechora ramani ya bomba bila kusumbuliwa na bomba lenyewe. Namshukuru kontrakta, ambaye hajachaguliwa, kwa kutochelewa hata siku moja. Nawashukuru wafadhili, ambao wangesaidia sana kama barua ya kuwaomba ingeandikwa. Na zaidi ya wote namshukuru Musyimi, kwa kuwa, tukisema ukweli kama watu wa sayansi, honi yake ndiyo iliyokuwa mradi. Mwingine haukuwahi kuwapo. (Watu wainuka, wakikung'uta nguo.)

Msiondoke, mwalimu hajajibiwa. Ijumaa hakuna bomba, Mwalimu. Basi leo, kabla jua halijatua, kila nyumba impelekee Mwalimu Wakesho debe moja la maji kutoka kwenye akiba yake.