Mifuko Arobaini Isiyokuwepo

Jumatatu, 3 Machi
Siku mbaya. Madam Sumayya, mwenye kampuni, katuita mameneja wote wa matawi Migori mjini kutuonyesha mfumo mpya wa kompyuta. Kinu cha Sori, stoo zote, malori, oda za wateja, hata likizo zetu, vyote kwenye skrini moja. Anasema tulianza na duka moja la chakula cha samaki, sasa tuna matawi manne, na kazi yetu imekuwa kupigiana simu kuulizana kilichobaki. Kuanzia wiki hii Homa Bay itaona stoo yangu ya Uriri, na Uriri ya Homa Bay.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilipiga kidogo.

Miaka kumi na moja jina langu limesimama juu ya mifuko ninayoificha. Tawi likikaukiwa, mteja akilia, nakuna kichwa, naingia stoo, natoka na mifuko ishirini "niliyoipata". Wananiita Mzee wa Miujiza. Sasa muujiza gani utatokea mbele ya skrini?

Na mwisho wa mwezi atateuliwa meneja wa eneo lote. Ni mimi au Priscah wa Homa Bay. Priscah ana miaka thelathini na mbili, na aliuliza maswali saba. Mfumo ulimjibu yote. Wanapendana.

Jumanne, 4 Machi
Kuhesabu stoo. Nina mifuko arobaini na mitano. Nimeandika mitano. Ile arobaini nimeihamishia chumba cha kwaya cha kanisa letu lililo nyuma ya stoo. Ufunguo ninao, mimi ni katibu wa kwaya. Nimebeba mwenyewe. Mgongo wangu!

Nimemwambia mke wangu, Benta, nilijikwaa. Akauliza, Baba Oliver, ulijikwaa mara arobaini? Kumbe alikuwa akipita.

Jumatano, 5 Machi
Sikulitegemea hili. Mfumo umeona Uriri imebaki na mifuko mitano, ukaagiza wenyewe sitini kutoka Sori! Lori limefika saa nne asubuhi. Zamani kupata mzigo ilikuwa barua moja, simu tatu na kuku. Nakiri, hapa tu, kwamba ni jambo la kupendeza.

Dereva anapiga picha alama ya kila mfuko kwa simu yake, kwa hiyo kuficha hakuna. Hali ilivyo: sitini na tano kwenye kompyuta, arobaini kwa Bwana.

Alhamisi, 6 Machi
Nafasi imekuja! Elvis wa Karungu, mfugaji wa samaki kwenye vizimba, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Upepo umeezua paa la ghala lake na mvua imelowesha chakula chote. Anataka mifuko mia kesho kabla ya saa sita. Tukishindwa, anahamia kwa watu wa Kisumu na harudi.

Dakika mbili hazikupita, Priscah kwenye simu. Mzee Arasa, nimeona una sitini na tano, mimi nina thelathini na tano, lori langu linaweza kupitia kwako, tuunganishe. Mia kamili. Rahisi kiasi cha kutia aibu.

Lakini muujiza wa watu wawili si muujiza, ni kikao. Nikamwambia aache, Uriri itatosha peke yake. Akauliza itatosha vipi. Nikamjibu, mwanangu, kuna mambo ambayo skrini haiyajui. Nimemwahidi Elvis kwa kinywa changu. Nimepiga shati pasi.

Ijumaa, 7 Machi
Saa mbili nilitoa mifuko chumba cha kwaya. Waimbaji wa sauti ya pili wamenung'unika, walishaifanya viti. Mfuko mmoja panya wameula. Tukapakia mia moja.

Mfumo ukakataa kutoa karatasi ya mzigo. Una sitini na tano, unasema, huwezi kutoa mia. Nikazima. Nikawasha. Nikaomba. Dereva akasema bila karatasi gari halitoki geti, hata mzee uimbe. Mifuko iko mbele ya macho yangu, nimeikalia, na haipo!

Kurekebisha hesabu lazima meneja wa tawi lingine aidhinishe. Nikampigia Priscah, nikijifanya naulizia tu ile thelathini na tano yake. Imeondoka saa moja asubuhi kwenda Kendu Bay. Si nilimwambia aache?

Saa tatu na nusu. Nikasema ukweli wote. Kwaya, ufunguo, mgongo.

Halafu kicheko ambacho nadhani Tanzania walikisikia bila simu. Mzee, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, lakini wewe umeivutia mpaka kanisani! Akataka picha ya kila mfuko na gazeti la leo kando yake, kama mateka. Nimepiga picha thelathini na tisa. Akaidhinisha. Saa nne na robo lori likatoka. Kabla ya saa sita Elvis kapiga: samaki wanakula.

Madam Sumayya alikuwa akitazama tangu asubuhi. Mfumo unamwonyesha kila ninachobonyeza, na nilibonyeza mara kumi na tisa.

Jumatatu, 31 Machi
Umeneja wa eneo kapewa Priscah. Ni haki yake, na nimesema hivyo kwa sauti, mara mbili.

Madam akaniita. Nilishafungasha kikombe changu. Akasema, Bwana Arasa, mwezi huu hakuna tawi lililokaukiwa hata siku moja, na Elvis sasa anachukua mia kila mwezi; muujiza ndio huo. Kisha kanipa kazi mpya: kuzunguka matawi nikihakiki stoo. Anasema aliyeficha miaka kumi na moja anajua pa kutazama.

Nimerudisha kikombe. Benta kapika samaki.

Alhamisi, 3 Aprili
Homa Bay, ukaguzi wangu wa kwanza. Stoo safi, hesabu imelingana mpaka mfuko wa mwisho. Nikaingia ofisini kwa Priscah kutia sahihi. Pembeni, meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Meza fupi mno. Nikainua kitambaa.

Mifuko minane.

Tukatazamana. Akasema kwa sauti ndogo, mzee, mfumo ni mzuri, lakini siku ya upepo je?

Nikafikiria kazi yangu mpya. Nikamfikiria Madam. Nikawafikiria panya, kwa uzito unaostahili. Kisha nikaandika: hesabu sawa.

Nimemshauri kama mtu mzima kwamba ofisini si mahali salama. Nikamuuliza kama kanisa lao lina kwaya. Lina. Ufunguo tutachonga wa pili.