Mupwa Wangu Amekataa Maini

Baraka, tarehe 9 Oktoba 1956

Kwa Bwana Munganga Mukubwa wa Ngombe, Fizi

Bwana Munganga,

Nakuandikia kwa heshima na kwa machozi. Mimi ni Placide, muchinjaji wa soko ya Baraka, ule anajulikana mpaka Ubwari kwa sababu niliangusha dume la ngombe kwa kukohoa tu. Leo duka langu la nyama limefungwa. Aliyelifunga ni Albert, mukaguzi wako mupya wa nyama, mutoto wa dada yangu, ule nilibeba mugongoni. Mashitaki yangu ni haya:

1. Amekataa maini. Mukaguzi wa zamani, Bwana Nicolas, alikuwa anakagua kwa njia ya kweli: anabeba maini, anaenda kuyakula kwake. Asubuhi akiamka, tunajua nyama ni nzuri, anapiga muhuri. Sasa Nicolas amelazwa lupitalo kwa ugonjwa wa tumbo, lakini ile ni uzee. Albert yeye ananiambia mbele ya bamama ba soko: "Mujomba, rudisha maini yako." Bakacheka mpaka mumoja akamwaga mihogo yake.

2. Anataka kuona ngombe ikisimama kabla sijaichinja. Bwana, itasimama namna gani? Mi nanunua kwa Kayumba, mufugaji wa kule milimani, zile zinaanguka njiani wakati wa kushuka. Ngombe ikisikia inapelekwa kwa Placide, inakufa yenyewe kwa woga. Ni kosa langu kuwa na jina kubwa?

3. Anasema nyama yangu hata inzi zinaikimbia. Ndiyo! Naipakaa mafuta ya taa. Badala ya kunishukuru kwa usafi, ananiuliza: "Mujomba, hii ni ya kupika ao ya kuwasha?"

4. Kwa kuwa alininyima muhuri, nilichonga wangu katika kiazi, mzuri kuliko ule wa Serikali. Akaukamata, akaufungia ndani ya bureau yake ya kazi. Kiazi kimeoza mule. Sasa, Bwana, nani anaweka chakula kibovu, mimi ao yeye?

Naomba umutume Albert kule Kazimia, kando ya ziwa, akakague samaki. Kule hana mujomba wa kumuaibisha. Na duka langu lifunguliwe. Bila duka, mi ni nani? Jana watu bamenipita sokoni kama mimi ni nguzo.

Nasalimia Mama wa nyumba, batoto, mupishi, na kila ngombe ingali inasimama kwako.

Mimi wako mutiifu mwenye hasira,
Placide

N.B. Kikapu cha nyama kilichotangulia na lori ya asubuhi ni zawadi yangu kwako. Lakini sasa hivi Dorothée, muke wangu, ananiambia alitia mule nyama ya kuuza, hapana ile tunakula sisi nyumbani. Ndiyo sababu barua hii nimemupa Albert mwenyewe, aikimbize na baiskeli. Tafazali, musionje kitu kabla Albert hajaikagua. Kwa mambo ya nyama, ule mutoto hadanganyiki.