Joto la Mkaguzi

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kaenda kupasuliwa jicho. Kinyonga wake katuachia sisi. Anaitwa Mkaguzi, maana jicho moja linakutazama usoni na la pili linatafuta makosa yako kwingine. Kizimba alitengeneza shemeji, kaka wa mke wangu, fundi umeme na kipenzi cha mama yake. Balbu moja ya joto juu ya wavu, taa nyembamba ndefu kando yake. Basi! Duni kabisa. Hapa ndipo nitakapompiku. Mke wangu anasema mama kaacha maelekezo, kurasa mbili, nisome. Nimemjibu kwamba mpiga picha aliyemulika maharusi miaka ishirini hahitaji karatasi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeng'oa taa za shemeji. Ile ndefu imevunjika, bahati mbaya. Nimeweka taa kubwa ya studio. Mng'aro wa ajabu! Mkaguzi kapauka, kaachama mdomo. Nilidhani anatabasamu, nikampiga picha. Mke wangu kaingiza mkono kizimbani na kuutoa mbio. Kauliza kama nafuga au nachoma.

Jumatano, 5 Machi
Mkakati mpya: jua la bure. Kizimba kiko dirishani, kioo kimefungwa asipigwe na upepo. Mawingu siku nzima. Mkaguzi kawa mweusi kama sufuria, kajikunyata chini, hali kitu. Shemeji kapiga simu kuulizia. Nimesema ananawiri.

Alhamisi, 6 Machi
Bado hali. Mke wangu hasemi nami, anasema na kinyonga. Nimempeleka Mkaguzi kwa daktari wa mifugo. Mama mpole, anaongea taratibu kama kwa mgonjwa, na mgonjwa ni mimi. Anasema miale ya jua anayoihitaji kinyonga kwa mifupa yake haipiti kwenye kioo. Anataka taa maalumu ya miale hiyo, ndefu, na balbu ya joto nje ya wavu asijiunguze. Tawi la juu liwe na joto, huku chini pawe baridi achague mwenyewe, na usiku zizimwe zote. Nimezitambua. Ni taa za shemeji. Kauliza nani kamfanyia haya. Ulimi umeniponyoka: shemeji.

Ijumaa, 7 Machi
Nimenunua taa, nikaunganisha nyaya mwenyewe. Mlipuko! Jengo zima halina umeme. Mke wangu kamwita kaka yake. Kumbe daktari ni mteja wake, kashamweleza yote.

Kasimama mlangoni na mkoba wa vifaa. "Shemeji, eti mimi ndiye niliyemchoma kinyonga wa mama?"

Nimeomba radhi, kwa sauti ndogo lakini nimeomba. Karudisha umeme, kafunga taa upya. Kanipa kipimajoto nikishike kwenye tawi, naye akawa anasogeza balbu juu na chini, kidole kwa kidole, hadi nyuzi thelathini. Tukakaa kwenye viti tukisubiri. Baada ya saa nzima Mkaguzi kapanda, mguu mmoja, anafikiri, mguu mwingine. Kafika. Kawa kijani. Kadaka panzi! Machozi yamenilengalenga. Nimemwambia shemeji ni vumbi.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe karudi, jicho moja limefunikwa. Kakikagua kizimba kwa lile lililobaki, muda mrefu. Kasema kiko vilevile alivyokiacha. Jasho lote lile, hakuna kinachoonekana! Shemeji katazama dari. Mke wangu kakohoa.

Kisha mama kanishika bega. "Mkwe wangu, watu wengi wangeanza kuchokonoachokonoa. Wewe ni mtu wa kuachiwa kitu."

Kasema rafiki yake anasafiri na hana wa kumwachia kobe. Nimekubali papo hapo, shemeji asije akaniwahi. Mke wangu kauliza najua nini kuhusu kobe. Nimemtoa wasiwasi. Kobe ni mnyama wa polepole. Hata ukimkosea, inachukua muda kuonekana.