Meza ya Mahrokh na Baridi ya Mwezi wa Dey

Jumamosi, 15 Dey

Umeme umekatika saa nne asubuhi. Dey ni mwezi wa kwanza wa baridi kali hapa Hamadan: theluji imelemea nyaya, nguzo tatu ziko chini. Mashine inayosukuma maji ya moto kwenye mabomba ya ukutani ilikoroma mara moja, ikanyamaza. Gesi ya kupikia ipo, lakini bila umeme mashine hiyo ni sanduku tu. Nilimhakikishia mke wangu Mahrokh kwamba umeme utarudi kabla ya chakula cha mchana. Mafundi wanasema wiki nzima.

Wiki nzima! Na Ijumaa hii familia ya Sepehri inakuja kumposa binti yetu Golnush.

Mahrokh akanikumbusha, kwa upole wa kutisha, ni nani aliyeuza jiko letu la mafuta ya taa mwaka jana akisema nyumba ya kisasa haiweki makorokoro. Ni mimi. Ila sikumbuki kutumia neno makorokoro.

Saa kumi akapiga simu Hushang. Huyu ni mwanyumba wangu: mimi nimemwoa Mahrokh, yeye kamwoa Mahvash, mdogo wake. Kwa miaka ishirini na sita hajapata kununua kitu bila kunipigia simu kunipa habari. Ana jenereta. Akapendekeza wageni wa Ijumaa wapokelewe sebuleni kwake. Kwake pana joto, mwanyumba, mpaka wanafungua dirisha.

Nikakataa kwa heshima zote. Mahrokh hakukataa. Alisema Alhamisi adhuhuri atakaa sebuleni kwetu bila koti. Akitetemeka, posa inahamia kwa Hushang.

Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma. Golnush ni mtoto wangu wa pekee. Akiposwa nyumbani kwa Hushang, nitasimuliwa jambo hilo katika kila karamu mpaka siku ya kuzikwa, na hapo makaburini Hushang atawasimulia waombolezaji. Nataka binti yangu aombwe chini ya dari yangu. Moyo unaniuma hata kufikiria vinginevyo.

Jumapili, 16 Dey

Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Nimelala na kofia mbili.

Lakini sikufundisha jiografia miaka thelathini bure. Mwili wa binadamu unatoa joto sawa na balbu ya wati mia. Kila Jumapili mama mkwe wangu, Bibi Tal'at, ambaye tunaishi naye, huenda kwenye kisomo cha akina mama wa mtaani. Nikamshawishi wiki hii waje kwetu. Wanawake ishirini na wawili. Piga hesabu mwenyewe.

Walikuja. Wakasoma dua, wakanywa supu nzito ya maharage na tambi. Kufikia bakuli la pili kioo cha dirisha kilianza kutoa jasho. Nilisimama koridoni nikijipongeza kwa sauti ndogo.

Kufikia bakuli la tatu Bi Aqdas akasema pumzi inamkata, humu ndani mna joto kama hamamu. Akafungua madirisha yote mawili. Wenzake wakamshukuru. Waliondoka wakiwa wachangamfu, mashavu mekundu, na madirisha wakayaacha wazi. Nilipoingia kulikuwa na theluji juu ya zulia.

Mahrokh aliuliza kama kesho nitaita kikosi cha zimamoto.

Jumatatu, 17 Dey

Bibi Tal'at amechoka nami. Akasema wao walilelewa bila mashine na hakuna aliyeganda: walikuwa na korsi. Meza fupi, jiko la makaa chini yake, mfarishi mkubwa juu, familia nzima imezunguka miguu ndani. Korsi yake mwenyewe iko stoo, chini ya matanuri yaliyovunjika. Nikaitoa. Mti wa jozi, imechongwa maua pembeni. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Nikawa naifuta vumbi uani, mara Hushang huyu hapa. Kaleta mkate wa moto, na kuangalia kama tunatetemeka. Akaipapasa korsi. Akasema kazi kama hii siku hizi huipati.

Nikamjibu anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri: haina thamani mbele yako, mwanyumba, ni yako, chukua.

Sasa, hata mtoto wa chekechea Hamadan nzima anajua yanayofuata. Yeye anakataa, anasema kitu kinampendeza mwenye nacho. Mimi nashikilia. Anakataa tena. Nashikilia tena. Anakataa mara ya tatu, tunakumbatiana, kila mtu anakwenda na chake. Hushang alikataa mara moja. Alikataa mara mbili. Mimi ulimi ulikuwa umeshapata moto, nikaapa kwa uhai wake kwamba asipoichukua nitamnunia mpaka Mwaka Mpya.

Hushang akatoa funguo za gari. Kisha: "Basi kama umeshaapa, mwanyumba, nikikataa nitakuvunjia heshima."

Akaipakia kwenye gari. Mimi ndiye niliyemsaidia kufunga kamba.

Ataiwekea televisheni juu, alisema. Umebaki mfarishi tu.

Jumanne, 18 Dey

Bibi Tal'at kaulizia korsi yake. Nimemwambia iko kwa fundi, inapakwa rangi.

Nimewaza tangu alfajiri. Korsi ni nini? Ni meza fupi. Na sisi tuna meza. Ina tatizo moja tu, ni ndefu, na tatizo hilo dawa yake ni msumeno. Meza yenyewe ni ile ya kulia chakula, aliyokuja nayo Mahrokh tulipooana, yenye miguu ya kuchonga kama nyayo za simba. Mahrokh alikwenda kwa dadake kuoga maji ya moto. Nafasi kama hiyo haiji mara mbili.

Mguu wa kwanza ulikatika vizuri. Wa pili ukawa mfupi kidogo. Nikasawazisha wa kwanza, ukawa mfupi kuliko wa pili. Nikaendelea kusawazisha kwa saa nzima. Nilipoacha, meza ilikuwa chini ya goti na bado imeinamia upande wa mlango. Nimeweka atlasi mbili chini ya mguu mmoja. Sasa imeinamia dirisha.

Mahrokh amerudi. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alizitazama nyayo nne za simba zilizopangwa ukutani, kisha akamwambia Golnush amuulize baba yake kama na makabati anayataka mafupi.

Golnush alicheka mpaka akakaa chini. Huyu mtoto sijui amemrithi nani.

Jumatano, 19 Dey

Mahrokh bado anazungumza nami kupitia kwa Golnush. Leo ujumbe ulikuwa mmoja: kesho ni Alhamisi.

Nikajaza makaa kwenye jiko, nikawasha, nikalisukuma chini ya meza, nikafunika mfarishi. Moshi ukatoka pande zote nne. Nikawaambia ndiyo dalili kwamba linafanya kazi.

Bibi Tal'at akaingia na fimbo yake. Alitoa kila mtu nje, akafungua madirisha, akaamuru jiko likatupwe uani. Halafu akanisimamisha kwenye theluji kama mwanafunzi. "Makaa yenye moshi ndani ya nyumba yanaua, wewe mwalimu. Kichwa kinakuuma, unalala, huamki. Ulifundisha nini watoto wa watu?"

Akanionyesha. Makaa yanawaka nje mpaka yawe mekundu kabisa na moshi uishe. Kisha yanazikwa kwenye majivu, yanabaki kuchungulia kidogo tu. Hapo ndipo yanaingia ndani, na dirisha linaachwa na ufa, inyeshe mvua au theluji. Amekataa mtu mwingine yeyote kuligusa jiko. Kusema kweli nilifurahi.

Tukiwa bado uani, Hushang akaja. Kaja rasmi, kavaa tai, kumshukuru Bibi Tal'at kwa zawadi ya korsi. Televisheni imekaa vizuri sana juu yake.

Bibi Tal'at akamwambia karibu, mwanangu, aifurahie kwa afya. Hata jicho halikucheza. Hushang alipoondoka akanigeukia. "Naona rangi imekauka."

Nilimsihi amwombe airudishe. Akasema neno likishatolewa limetolewa, na kama nina ulimi mrefu hivyo, niutumie kupepea makaa.

Alhamisi, 20 Dey

Adhuhuri. Mahrokh alivua koti, akaketi, akaingiza miguu chini ya mfarishi. Mimi nilisimama mlangoni. Golnush alishika saa.

Dakika tano akakunja mikono. Dakika kumi akamenya chungwa. Dakika kumi na tano akajinyoosha, akavuta mfarishi hadi kidevuni. Dakika ishirini akawa anakoroma, na aliendelea hivyo hadi saa nane na nusu.

Alipoamka alinitazama kwanza, halafu akasema, kwangu mimi mwenyewe bila mjumbe: "Wageni watakuja hapa." Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta sukari, maana machozi yalikuwa karibu.

Kisha akaongeza kwamba Hushang na Mahvash watakuwepo, wao ni watu wa familia. Hakuna furaha iliyokamilika.

Ijumaa, 21 Dey

Wamekuja saa tisa. Bwana Sepehri, mkuu wa shule mstaafu, mtu ambaye hata kikohozi chake kimenyooka. Mkewe, Bibi Forugh, na shada la maua. Kijana wao Behrang, amebeba sanduku la peremende kifuani utadhani ni mtoto mchanga.

Posa inataka viti, watu wakae mbalimbali, magoti pamoja, waulizane hali ya hewa kwa saa mbili kabla ya kugusia lililowaleta. Sisi viti tulikuwa navyo sita, meza ndiyo haikuwa na miguu. Bwana Sepehri alisimama akaitazama ile korsi iliyoinama. Nilisikia Hushang akivuta pumzi ili aseme jambo kuhusu sebule yake.

Kabla hajasema, Bibi Forugh akawa ameshavua viatu. "Korsi! Tangu nyumbani kwa mama sijakaa kwenye korsi!" Akaingia. Mumewe angefanyaje? Kila mmoja akamwachia mwenzake mahali pa heshima kwa dakika kumi, mpaka Bibi Tal'at akapakalia mwenyewe. Tukawa watu wanane, mfarishi mmoja, miguu kumi na sita gizani. Bwana Sepehri alilegeza tai.

Golnush akaleta chai. Glasi zikaanza kuteleza polepole kuelekea dirishani, na Behrang akawa anazizuia mojamoja bila kumtazama mtu. Nikampenda hapohapo.

Hapo Hushang akaanza. Kwamba meza hii anaifahamu. Kwamba ilikuwa na miguu mizuri sana, ya simba, je, bwana mkuu wa shule angependa kujua imepotelea wapi?

Nikampiga teke chini ya mfarishi. Teke zuri, la kisigino.

Bwana Sepehri akashtuka, chai ikamwagika. Akajiweka sawa, akakohoa, akatangaza kwa sauti ya gwaride kwamba hataki kuzunguka: wamekuja kumwomba Golnush kwa ajili ya mtoto wao, kama mwenyewe yuko radhi.

Dakika kumi na mbili tangu wakae! Sijawahi kusikia posa ya haraka hivyo. Golnush alimtazama mamake, akamtazama nyanya yake, akasema yuko radhi. Bibi Tal'at akapiga vigelegele. Mahrokh akalia, mimi nikalia, Hushang akalia kuliko wote, lazima ashinde kila kitu.

Baadaye, peremende zikipita, Bwana Sepehri alimnong'oneza mkewe kwamba walikubaliana ampe ishara ya mguu muda wa kusema ukifika, lakini hawakukubaliana amvunje mguu. Bibi Forugh akasema yeye hajamgusa. Wote wawili wakatazama chini ya mfarishi.

Mimi nilikuwa namenya komamanga, kwa makini sana.

Jumamosi, 22 Dey

Umeme umerudi alfajiri. Hakuna aliyehama kwenye korsi.

Nimekutana na Hushang kwenye foleni ya mkate. Nikamweleza kwamba yote yalikwenda kama nilivyopanga tangu mwanzo. Harusi ni katikati ya Bahman, mwezi ujao, baridi ikiwa bado kali, naye akasema rafiki yake ana ukumbi wenye joto, watu mia tatu wanaenea, mwanyumba, nipige simu?

Nikamwambia asante, harusi itakuwa hapa uani kwetu, kwenye hewa safi, na wageni wote watakaa kwenye korsi moja ndefu. Foleni nzima ilisikia, kwa hiyo siwezi tena kurudi nyuma.

Mbao si tatizo. Nyumba hii ina milango tisa, na mlango ukiulaza ni meza. Mahrokh kaenda sokoni. Mlango wa chumba chetu cha kulala umeng'oka kirahisi kuliko nilivyotarajia, na wa jikoni unakaribia.